Punda wa dobi aliingiaje katika hadithi ya bibi?

*Assalaam alaykum mwalimu. Nimezaliwa Wete, Pemba, na bado naishi hapa. Marehemu bibi yangu alikuwa akitukusanya usiku akitusimulia ya kima na papa. Kima yuko juu ya mti ufukweni, anamtupia papa matunda mpaka wanakuwa marafiki. Siku moja papa anambeba mgongoni kumpeleka kwao, na wakifika kati ya bahari anamwambia kuwa mfalme wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, ungeniambia mapema, sisi mioyo yetu tunaiacha mtini. Wanarudi, kima anaruka juu na hashuki tena. Halafu palikuwa na punda wa dobi, sikumbuki vyema aliingiaje. Sasa mwanangu wa kidato cha pili kanionesha kwenye simu hadithi hiyo hiyo, ya India, papa kawa mamba. Anasema ni ya Kibuddha na sisi tumeiiba. Kaka yangu, ambaye anasomesha chuo cha Kurani, aliposikia akasema kama ni hivyo basi tuache kuwasimulia watoto. Mwanangu akaongeza kuwa hata ile ya babu, kwamba tumetoka Shirazi kwa majahazi saba, ni ya kuokota tu. Mama yangu yupo, umri wake umepita miaka 80, na nilikuwa nimeanza kumrikodi kwa simu. Niendelee? Na humo kilicho chetu khasa ni kipi?*

Waalaykum salaam, dada yangu. Endelea kumrikodi mama, na kama leo baada ya Isha ana nguvu, basi leo. Mengine yote nitakayoandika hapa yanaweza kungoja, umri wake haungoji.

Hofu yako naijua. Nimesomesha fasihi simulizi kwa miaka, na nimewaona wanafunzi wengi wakija na hadithi ya nyumbani kama mtu aliyebeba kito, kisha wanafungua kitabu cha nchi nyengine wanaikuta humo, na uso unawashuka. Wewe umeambiwa na mtoto wako mwenyewe, tena mbele ya kaka yako, kwa hiyo imekuuma zaidi. Lakini swali alilolifungua mwanao ni zuri kuliko jibu alilojipa, na wewe bila ya kujua umeniletea ushahidi mkubwa ndani ya barua yako. Ushahidi huo ni yule punda.

Kwanza nimpe mtoto haki yake. Hadithi iko India na ni kongwe. Katika Jataka, yaani visa vya Kibuddha kuhusu maisha mengi ya Buddha kabla hajazaliwa akawa Buddha, kuna kima anayekaa karibu na mto Ganges, na mamba ambaye mkewe ameutamani moyo wa kima huyo. Mamba anamhadaa kima kwamba atamvusha akale matunda ya ng'ambo. Kati ya mto anaanza kumzamisha na kumwambia ukweli, na kima anamjibu kuwa wao hawatembei na mioyo. Anamuonesha mti wenye matunda, anamwambia ile pale inaning'inia. Kwa mujibu wa Jataka, kima yule ndiye Buddha mwenyewe katika uhai wa nyuma. Naamini hiyo ndiyo mwanao aliyoiona.

Sasa iweke kando ya ile ya bibi. Katika kisa hicho cha Kibuddha hakuna urafiki, kuna mamba aliyesukumwa na tamaa ya mkewe na kima anayehadaiwa mara moja. Ya bibi inaanza na urafiki: matunda yanatupwa, yanaliwa, siku zinapita, wawili wanazoeana, na usaliti unauma kwa sababu ya kule kuzoeana. Mwanzo huo uko katika kitabu chengine cha Kihindi, Panchatantra, kilichotungwa kwa Kisanskriti na ambacho chenyewe kinasema kimekusudiwa kuwafundisha wana wa mfalme busara ya kuishi na kutawala. Kina sehemu tano, na ya nne ndiyo ya kima na mamba. Ndani yake, kima akiwa ameshapanda juu ya mti wake na mamba yuko chini anambembeleza ashuke tena, kima anatoa kisa. Palikuwa na simba mgonjwa, na mbweha mtumishi wake, na punda aliyechoshwa na mizigo ya dobi. Mbweha akamshawishi punda aende kwa simba. Simba akamrukia akamkosa, punda akakimbia. Mbweha akamfuata, akamlainisha kwa maneno, na punda akarudi. Mara hii hakutoka. Simba alipokwenda kuoga, mbweha akala moyo na masikio. Simba kurudi anauliza, vya hapa viko wapi? Mbweha akamwambia, bwana wangu, punda huyu hakuumbwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudije baada ya kukuona? Ndipo kima anamgeukia mamba: na mimi umeniona punda yule?

Huyo ndiye punda wa bibi yako. Yuko pale pale, mdomoni mwa kima aliye juu ya mti, akimsuta rafiki aliye majini. Wasimuliaji waliokatikiwa na uzi humwacha, kwa sababu anaonekana hana kazi. Bibi yako hakumwacha.

Na hapa ndipo kwenye kiini cha kazi yetu sisi tunaolinganisha hadithi za mataifa. Kufanana peke yake hakusemi kitu. Ukiona nyumba mbili zina mlango hujajifunza lolote, kila nyumba ina mlango. Ukiona milango yote miwili imechongwa ua lile lile, mnyororo ule ule pembeni, na kosa lile lile la patasi kwenye kona ya kushoto, hapo utasema fundi ni mmoja, au mmoja alimtizama mwenziwe. Mdogo kumshinda mkubwa kwa akili ni mlango tu. Hadithi ya namna hiyo inaweza kuota popote penye watu wanyonge na watu wenye nguvu, bila ya yeyote kumfuata mwengine. Lakini moyo ulioachwa mtini, na ndani ya hadithi hiyo hiyo punda wa dobi asiye na moyo wala masikio, hilo ni kosa la patasi. Watu wawili wasiojuana hawaoti ndoto hiyo kwa mpango ule ule.

Wataalamu waligombana sana juu ya jambo hili. Mjerumani Theodor Benfey aliifasiri Panchatantra mwaka 1859 akashikilia kuwa sehemu kubwa ya ngano za Ulaya zimetoka India. Baadaye Andrew Lang wa Scotland akasema akili ya binadamu ni moja, na watu wa mbali huweza kutunga mambo yanayofanana bila ya kukutana. Wote wawili walikuwa na haki, kila mmoja kwa hadithi zake, na wote wawili waliipanua hoja yao kupita pale inapofika. Siku hizi hatuanzi na nadharia. Tunaichukua hadithi moja, tunaifungua vipande, tunauliza kila kipande kinapatikana wapi. Kuna hata faharasa ya kimataifa iliyoanzishwa na Antti Aarne wa Finland mwaka 1910, ikaendelezwa na wengine, ambamo kima wako ana namba yake: 91.

Basi kutoka India hadi Wete ilipita wapi? Katika karne ya 6, zama za mfalme Anushirwan, Panchatantra ilihamishiwa Kiajemi cha zama hizo. Kutoka hapo, katikati ya karne ya 8, Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu, ikaitwa Kalila wa Dimna, na kima na punda wote wawili wamo. Mle mamba amekuwa kobe. Upande wa mashariki kisa cha kima kilisafiri na vitabu vya Kibuddha kupitia China, na Wakorea wanayo katika kitabu chao cha tarihi cha mwaka 1145: anayebebwa ni sungura, anayembeba ni kobe, na dawa inayotakiwa ni ini. Tizama mchezo wa hadithi. Kule sungura ndiye anayenusurika kwa ulimi wake, na huku kwetu, kama utakavyoona, sungura ndiye aliyeshika nafasi ya mbweha na kumpeleka punda kifoni kwa ulimi wake.

Na kwetu imeandikwa zamani kuliko unavyodhani. Edward Steere, mmishenari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha London mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mojawapo inaitwa Kisa cha Punda wa Dobi. Kima yumo, papa yumo, mti ni mkuyu, na mgonjwa ni sultani wa kwao papa. Kwa hiyo miaka 11 tu baada ya Benfey kuichapisha tafsiri yake, hadithi ile ile ilikuwa inasimuliwa Unguja na watu ambao hawakuwa na habari naye, tena na punda wake mzima.

Utashawishika kusema, basi imekuja kwa Waarabu: Kalila wa Dimna ina mti wa tini, na mkuyu ni jamii ya mtini. Mimi mwenyewe niliwahi kulisema hilo mbele ya darasa zima kwa mbwembwe nyingi. Kisha nikaisoma Jataka vizuri, nikakuta mti anaouonesha kima ni wa jamii hiyo hiyo. Mti hauamui kitu. Neno dobi ni la Kihindi, lakini nalo haliamui, kwa sababu madobi wenyewe walikuwapo mjini na neno lilikuwa limeshakuwa letu. Ninachoweza kukwambia kwa moyo mkunjufu ni kuwa ya bibi yako ni ya ukoo wa Panchatantra na Kalila wa Dimna, si ya ukoo wa Jataka. Kwa hiyo mwanao aliposema "ya Kibuddha" alimshika binamu akidhani kamshika baba.

Njia za baharini ziko wazi. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na India, na hayakuweza kurudi mpaka kusi lishike. Katikati yake ni miezi ya kungoja. Watu wanaziba nyufa za vyombo, wanauza mazulia na tende, wananunua boriti za mikoko, na usiku wanakaa. Wengine wanaoa. Hadithi haihitaji kitabu ili ishuke bandarini, inamhitaji baharia mmoja mwenye maneno na mke mwenye watoto. Wala haikuwa njia ya upande mmoja. Huko Gujarat wako Masidi, watu wenye asili ya Afrika, na ngoma yao mpaka leo inaitwa goma. Hata vitabu hurudi midomoni: mtoto akiisoma hadithi skuli na kuja kuisimulia nyumbani, kizazi kinachofuata kitasema ni ya bibi, na si uongo.

Neno wizi, kwa hivyo, mwambie mwanao aliweke chini. Mwizi humwacha mwenyewe mikono mitupu, na India bado wana kima wao. Mkarafuu umetoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ukafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa shamba kuu. Sijapata kumsikia mtu wa Wete, amepanda juu na pakacha lake, akiambiwa anachuma mali ya wizi.

Sasa tuje kwenye "kipi chetu". Angalia kilichobadilika. Mamba wa India hana kazi katika ufukwe wetu, kwa hiyo ameingia papa. Na si samaki yeyote tu. Papa tunamla sisi, mbichi na mkavu, kwa nazi na kwa ndimu. Mtoto wa Pemba anayesikiliza amekula papa mchana, na usiku anasikia papa amekuja kudai moyo wa mtu wa nchi kavu. Msikilizaji wa India hapati ladha hiyo. Mke mwenye tamaa ameondoka na mahali pake amekaa mfalme mgonjwa, na watu walioishi chini ya usultani wangeielewa haraka hatari ya kuwa dawa ya mfalme. Lakini usilikazie sana hili, maana Wakorea nao wana maradhi ya jumba la mfalme wa baharini, na hawakuambizana nasi. Ni badiliko jepesi, linaweza kutokea mara mbili.

Badiliko ninalolipenda mimi ni la mbweha. Katika ile iliyochapishwa mwaka 1870 mbweha ametoka, kaingia sungura. Sungura hakuja na jahazi. Yeye ametembea kwa miguu kutoka bara, kwa sababu ndiye mjanja wa ngano za Wabantu wengi wa Afrika Mashariki na Kusini. Waafrika waliochukuliwa utumwani walivuka naye hata Atlantiki, na Marekani wakamjua kwa jina la Brer Rabbit. Kwa hiyo ndani ya hadithi moja, ukumbini kwa bibi yako, mjanja wa bara amekabidhiwa punda wa India ili ampeleke kwa simba. Mkutano huo haumo katika Panchatantra wala katika Kalila wa Dimna. Umetokea huku. Muulize mama yako kama kwake ni sungura au ni mnyama mwengine, ningependa sana kujua.

Kwa kaka yako nina maneno machache, na nayasema kwa adabu, kwa sababu yeye ni mwalimu wa dini na mimi si shehe. Hofu yake ina msingi: hatutaki mtoto apewe itikadi ya watu wengine imefungwa katika sukari. Lakini itikadi katika hadithi kama hii iko kwenye fremu. Jataka ina fremu ya Buddha na maisha yake ya nyuma. Panchatantra iliipa fremu ya wana wa mfalme. Ibn al-Muqaffa aliiandika kwa Kiarabu chini ya utawala wa Waislamu, na kitabu chake kimesomwa katika nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,200. Ilipofika kwa bibi yako fremu zote hizo zilikuwa zimeanguka. Iliyobaki ni moja, na wewe umeitaja bila ya kuitaja, maana najua alivyoanza: Paukwa! Nanyi mkaitika, Pakawa! Na mkaitika tena: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Msimuliaji anatangaza mlangoni kuwa anachokileta ni uongo, na wasikilizaji wanauomba uje. Hakuna anayedanganywa hapo. Tatizo letu kidogo ni la lugha: Kiswahili kimeliweka neno hadithi kwa maneno ya Mtume (S.A.W.) na kwa kisa cha kima vilevile, na mtu asiyekuwa makini anaweza kuvipima kwa mizani moja. Mwambie tu mtoto, ile ni elimu yenye wapokezi na wahakiki wake, hii ni ngano.

Kwa sababu hiyo sisi huzitenga. Za wanyama ni hurafa. Za hila, kama za Abunuwasi, ni hekaya, na huyo naye ana safari yake: alikuwa mshairi kweli, amekufa Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, na huku amekuwa mtu wa kuazima sufuria na kurudisha na mtoto wake, kisa ambacho Waturuki humpa Nasreddin. Simulizi ya watu au mahali panapojulikana ni kisakale. Mkama Ndume wa Pujini ni wa humo: magofu yapo, unaweza kuyagusa, ila ya wake zake wawili waliogawiwa kisima ili wasionane ni simulizi. Na kisasili ni ile inayoeleza asili ya mambo, na ambayo wenyewe wanaiamini. Hii ya mwisho ndiyo ya kushikwa kwa mikono miwili. Mwaka ule ule wa kimbunga, 1872, Mwingereza George Smith alisoma juu ya kigae cha Kibabeli habari za gharika na safina mfano wa ile ya Nuhu, na Ulaya ikatikisika. Mwenye imani akasema, mnaona, hata hao walikumbuka. Mwenye shaka akasema, mnaona, wamenakili kwa hao. Kigae ni kimoja. Elimu ya kulinganisha inaweza kukwambia simulizi mbili ni ndugu, lakini haina mizani ya kupimia imani, na anayekwambia inayo anakuuzia.

Hiyo inatufikisha kwa babu na majahazi saba. Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu, inasimulia baba na wanawe sita waliotoka Shirazi katika vyombo saba, kila chombo kikatia nanga pake. Kimoja kilifika al-Jazira al-Khadhraa, Kisiwa cha Kijani, jina ambalo Waarabu waliiita Pemba. Aliyefika Kilwa alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungusha chote. Mlinganishaji akisikia hivyo masikio yanamsimama, kwa sababu Dido, malkia wa Carthage katika simulizi za Kirumi, alinunua ardhi kiasi cha ngozi ya ng'ombe, kisha akaikata ugwe mwembamba akazungusha kilima kizima. Saba nayo ni namba ya hadithi dunia nzima. Visakale vya namna hii vina kazi: vinasema sisi hapa hatukupora, tulinunua, na mwenyewe alikubali. Hati ya ardhi kwa watu wasio na ofisi ya ardhi, niite hivyo.

Je, ni ya kuokota tu? Hapana, na hapa mwanao atafurahi kwa sababu ni sayansi. Mwezi wa Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya mwambao kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, na mji mmoja wa ndani. Wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa mchanganyiko: upande wa Asia, ambao mwanzoni ulikuwa wa Kiajemi zaidi, ulitokana kwa kiasi kikubwa na wanaume, na upande wa Afrika kwa kiasi kikubwa na wanawake. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Si mifupa ya Pemba, kwa hiyo usiyabebe majibu hayo mazimamazima. Pia usisahau kuwa miji kama Shanga, kisiwani Pate, ilikuwa imeshaanza, na msikiti wake, kabla ya wakati huo. Lakini babu hakuokota. Kisakale chake kilishika kitu cha kweli, kikawakumbuka kina baba wa majahazini na kikawaacha nje kina mama waliowakuta nchi kavu. Na sungura wa hadithi yako, nakukumbusha, ametoka upande wa kina mama hao.

Turudi kwa mama. Mrikodi wakati pana watoto wa kumuitikia, si yeye na simu tu chumbani, kwa sababu hadithi bila ya kuitikiwa hufupika. Usikate nyimbo. Usimsahihishe Kipemba chake kikawa Kiswahili cha redio, hata kidogo. Mwisho muulize aliisikia kwa nani, wapi, akiwa na umri gani, na usimuulize maana yake mpaka siku nyengine. Akiirudia baada ya mwezi na ikawa tofauti, usifute ya kwanza, maana tofauti hiyo ndiyo inayoonesha hadithi iko hai. Weka nakala nje ya simu, simu zinaanguka visimani.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. La dini, kaeni na kaka yako mbele ya shehe mnayemuamini nyote wawili, mchukulieni hadithi yenyewe aisikie, si habari zake. Kama katika kusimulia mama ataingia kwenye mizimu, pango la ukoo au mambo ya uganga, simamisha simu na uitishe wazee wa familia kwanza, kwa sababu hayo si ngano na si yako peke yako kuyatoa. Mtu akija kutaka kununua au kuchapisha, usitie saini mpaka umekwenda na karatasi hiyo kwa mwanasheria. Na kama una kanda za kaseti za bibi zilizoanza kuota ukungu, usizicheze nyumbani. Zipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, au anza na watu wa makumbusho ya Chake Chake wakuelekeze. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) nacho kina walimu wa Kiswahili watakaokaa na mama saa nzima na wakashukuru.

Mimi nina maswali matatu kwake, ukiweza. Mti wa kima kwa bibi ulikuwa mti gani? Punda alihadaiwa kwa kitu gani: malisho, mke, au posa ya simba? Na kima alipokwisha kusimulia ya punda, papa alijibu nini? Katika zote nilizozisoma, papa huondoka kimya.